Bingwa wa kifafa utamjuaje?

Msomaji, huenda una ndugu kule nyumbani ambaye huanguka ghafla, akakakamaa, akatetemeka na kutokwa na povu mdomoni. Watu humkimbia. Wengine husema amerogwa, wengine kwamba povu lile huambukiza. Huo ni uongo mtupu. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, na una dawa.

Baba mmoja kutoka Kianjai, Meru, aliniletea bintiye wa miaka 14. Alikuwa ameshauza ng'ombe wawili kumlipa mtu aliyejiita bingwa wa neva sokoni. Nilipomwuliza kama alimwuliza bingwa huyo maswali yoyote, alishangaa. Daktari huulizwa?

Huulizwa, tena sana. Kwanza, jua unayemtafuta. Daktari wa neva hutibu kifafa kwa dawa. Daktari wa upasuaji wa ubongo huhitajika na wagonjwa wachache tu. Madaktari wa neva nchini ni haba na wengi wako Nairobi, lakini si lazima uanzie huko. Kifafa cha kawaida huweza kutibiwa na daktari wa kawaida au afisa wa kliniki aliyefunzwa. Aliye Kianjai anaweza kwenda Hospitali ya Rufaa ya Meru, au Hospitali ya Methodist iliyoko Maua. Kwa mkazi wa Nairobi kuna KAWE, chama cha kuwatetea wenye kifafa kilichoanzishwa mwaka 1982. Mgonjwa asiyepata nafuu baada ya kujaribu dawa mbili zinazofaa, kwa kipimo sahihi, ndiye apelekwe kwa bingwa wa neva.

Jina la daktari lichunguze katika sajili ya baraza la madaktari, KMPDC. Leseni yake huhuishwa kila mwaka. Cheti kilichotundikwa ukutani hakitoshi.

Kisha umwulize: Una hakika ni kifafa, wala si kuzirai? Dawa hii itatumika kwa muda gani? Ina madhara gani? Akisahau kumeza itakuwaje? Kama mgonjwa ni msichana, uliza dawa itamfanyaje mtoto tumboni siku atakaposhika mimba. Valproeti, kwa mfano, yaweza kumdhuru. Daktari anayeijua kazi yake atakugusia jambo hilo kabla hujafungua kinywa. Anayeahidi kuponya kwa sindano moja, ondoka. (Wapo, na huvaa koti jeupe safi kuliko langu!)

Nenda na mtu aliyemwona mgonjwa akianguka, au video ya simu. Maelezo hayo mara nyingi hutusaidia kuliko kipimo cha mawimbi ya ubongo, ambacho huweza kuonekana sawa ilhali mtu ana kifafa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa vyema. Fenobabitoni, dawa ya bei nafuu, imetumika tangu mwaka 1912.

Binti yule nilimwanzishia kabamazepini. Baada ya miezi minne bila kuanguka, baba yake akaja kuuliza kama sasa aache vidonge. Nilimwambia hapana: kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu dawa ikikatizwa ghafla, na akianguka kwa zaidi ya dakika 5, amkimbize hospitali. Aliandika yote hayo kwenye karatasi, kisha akaniuliza maswali mengine sita.