Kaka la Yai na Bustani ya Nyumbani

Katika nyumba zetu za Pwani hapapiti wiki pasi na mayai kuvunjwa jikoni. Kuna mkate wa mayai, kuna keki ya sherehe, kuna chapati za mayai za asubuhi. Na Ramadhani ikiwadia, trei nzima ya mayai 30 huisha upesi. Yai huliwa, na kaka lake, ambalo wengi twaliita ganda, hutupwa jaani.

Siku hizi akina mama wengi wanashauriwa wayahifadhi makaka hayo kwa ajili ya mimea. Wako wanaoambiwa kuwa hutibu nyanya inayooza, hufukuza konokono na hurutubisha kila aina ya udongo. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, na yana ziada pia. Mama ambaye vitanda vyake viwili vya nyanya ndivyo vinavyomtia fedha ya mboga mkononi anastahili kuupambanua ukweli na ziada, asije akangojea dawa isiyokuwapo ilhali zao lake linaharibika.

Kaka lina nini ndani yake?

Kaka la yai moja lina uzito wa gramu 5 au 6. Takriban asilimia 95 yake ni madini ya kalsiamu kaboneti, madini yale yale yaliyomo katika jiwe la matumbawe, ambalo wazee wetu walilichoma tanuuni wakapata chokaa ya kujengea majumba ya Lamu na Mombasa. Kwa hiyo kaka si samadi. Halina chakula cha kutosha cha kustawisha majani wala cha kuzalisha maua. Kazi yake ni mbili tu: kuupa udongo kalsiamu, na kupunguza ukali wa udongo wenye asidi.

Basi kabla ya kulitia kaka bustanini, yapasa kujiuliza: je, udongo wangu unalihitaji?

Jibu si gumu kulipata. Chukua udongo mkavu kijiko kimoja, uumiminie siki kidogo. Ukitoa povu na kuchachatika, fahamu kwamba chokaa imo tayari. Ndivyo ulivyo udongo wa sehemu nyingi zilizo juu ya mwamba wa matumbawe, kama kisiwa cha Mombasa na ukanda wa ufukweni. Kuongeza makaka hapo ni kupeleka maji baharini. Tena chokaa ikizidi, mmea hushindwa kupata madini ya chuma, na majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani.

Udongo usipotoa povu, hasa ule wa kichanga au mwekundu wa bara ya Pwani ambao mvua za miaka mingi zimeusafisha, au ule uliojazwa katika ndoo na vyungu vya barazani, hapo makaka yaweza kufaa.

Namna ya kuyatayarisha

Suuza makaka mara tu baada ya kuvunja mayai, uyaanike juani mpaka yakauke. Kisha yatie katika oveni yenye moto, au yakaange katika kikaango kikavu kwa muda wa dakika 10, ili vijidudu vinavyoweza kuleta maradhi ya tumbo vife. Baada ya hapo yatwange kinuni, au yasage kwa blenda, mpaka yawe laini mfano wa unga. Funika pua na mdomo, na watoto wakae mbali na vumbi lake.

Hili la kusaga ndilo wengi hulipuuza. Vipande vikubwa hukaa ardhini miaka na miaka bila kuyeyuka. Hata wachimbuaji wa magofu ya kale huvikuta. Unga wake changanya na udongo kabla ya kupanda, vijiko viwili vikubwa kwa ndoo ya lita 20, au utie katika shimo la mboji. Usitarajie matokeo ya wiki moja, kwani kazi yake ni ya polepole.

Nyanya inayooza kitako

Nyanya inayopata doa jeusi chini, upande usio na kikonyo, imekosa kalsiamu. Hilo ni kweli. Lakini aghalabu kalsiamu imo udongoni, na kilichokosekana ni maji ya kuibeba mpaka kwenye tunda. Mmea unaonyweshwa leo maji mengi, ukaachwa siku tatu ukauke, ndio unaopatwa na tatizo hili. Maji ya kisima yenye chumvi hulizidisha. Kaka la yai halitaiokoa nyanya iliyokwisha kuoza.

Dawa ni kumwagilia kwa kiasi na kwa mpangilio, na kufunika udongo kwa majani makavu. Maji tunayotawadhia mara tano kwa siku yaweza kukingwa katika beseni, yakamwagiwa mimea asubuhi na jioni. Hayo ni maji safi, nasi tumeamrishwa tusifanye israfu.

Ama konokono, vipande vya makaka havimzuii. Hupita juu yake. La hakika ni kumwokota usiku kwa taa, kwa mkono uliovaa glavu.

Kuku na suala la tohara

Wenye kufuga kuku wana njia iliyo bora zaidi. Kuku anayetaga hutumia kama gramu 2 za kalsiamu kwa kila yai. Mrudishieni makaka yaliyokaangwa na kupondwapondwa hata yasifanane tena na yai, asije akajifunza kula mayai yake mwenyewe.

Wako pia wanaouliza kuhusu samadi ya kuku na ya ng'ombe, kwa kuwa katika madhehebu ya Shafi kinyesi cha wanyama ni najisi. Wanazuoni wa madhehebu hayo wameruhusu kurutubishia ardhi, ijapokuwa wako walioona ni karaha, na mmea unaoota hapo ni tohara. Ikiwa samadi imegusa jani au tunda, lioshwe kabla ya kuliwa. Kaka lililochafuliwa na kinyesi nalo huoshwa kwanza, kisha likatumiwa.

Dada zangu, kaka la yai ni neema ndogo, na neema ndogo haidharauliwi. Pimeni udongo kwanza. Ukilihitaji, lisageni, usipolihitaji, wapeni kuku, au mpeni jirani mwenye kuku. Nyanya nazo zipeni maji kwa wakati wake.

Wabillahi tawfiq.