Protini Inayojitenga kwa Baridi: Kipimo Kinachoharibika Njiani

Mgonjwa ana vipele vya zambarau miguuni, ganzi nyayoni, maumivu ya viungo, na mkojo wake una damu na protini. Daktari anashuku krayoglobulini na kuagiza kipimo. Majibu yanarudi: hakuna. Huenda majibu hayo yasiaminike, kwani sampuli yaweza kuwa iliharibika kabla ya kufika mezani kwa mpimaji.

Krayoglobulini, jina lililotolewa na Lerner na Watson mwaka 1947, ni protini za kinga zinazobaki zimeyeyuka katika joto la mwili na kujitenga kama mashapo damu inapopoa. Wagonjwa wengi wenye aina mchanganyiko wana virusi vya homa ya ini C, ambavyo leo huondolewa kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12. Kipimo kilichokosewa, basi, chaweza kumchelewesha mtu kupata tiba huku figo zikiendelea kuumia.

Damu ikiachwa ipoe, protini hizo hunaswa katika bonge la damu. Mashine ya kuzungushia sampuli hulishusha bonge chini, na seramu inayobaki juu haina tena kinachotafutwa. Joto la Pwani lisimdanganye mtu: chumba chenye kiyoyozi kiko chini sana ya nyuzi 37.

Kuzuia hasara hii si ghali. Mrija usio na kizuia mgando upashwe joto kwanza, kisha damu isafirishwe katika maji ya nyuzi 37. Chupa ya chai yenye mdomo mpana hutosha, mradi kipimajoto kiwemo. Damu ibaki katika joto hilo hadi igande kabisa, saa moja au zaidi. Seramu itenganishwe ingali na joto, ndipo iwekwe jokofuni kwa nyuzi 4 hadi siku 7. Aina mchanganyiko huchelewa kuonekana, na wanaotupa sampuli siku ya pili huikosa.

Mashapo yakitokea, sehemu yake irudishwe kwenye nyuzi 37. Yakiyeyuka, ni krayoglobulini. Yasipoyeyuka, yaelekea ni fibrini au mafuta. Mrija wenye heparini nao hukanganya, maana krayofibrinojeni pia hujitenga kwa baridi.

Fomu ya maabara ionyeshe joto la sampuli ilipopokelewa. Iliyofika baridi ikataliwe, damu ichukuliwe upya, na mgonjwa aelezwe sababu ya kuchomwa sindano mara ya pili.