Ugumu wa njia si utamu wa mbio: Tour, Giro na Vuelta

Katika kitivo chetu wako wengi wanaofuata mbio za baiskeli, au za kinga kama tunavyosema nyumbani. Mabishano yao mimi nayajua kwa kichwa. Mmoja anasema Giro ndiyo mbio bora kwa sababu milima yake ni mikali. Mwingine anamjibu kwamba bila Tour hakuna mbio. Nikiwasikiliza, naona wanajibu maswali mawili tofauti kwa neno moja: njia ipi ni ngumu zaidi, na mbio zipi zinasisimua zaidi. Katika makala hii nitayatenganisha maswali hayo mawili.

1. Mbio zenyewe

Zote tatu zilizaliwa na magazeti yaliyotaka kuuza nakala. L'Auto ilianzisha Tour de France mwaka 1903, La Gazzetta dello Sport ikaanzisha Giro ya Italia mwaka 1909, na Informaciones ikaanzisha Vuelta ya Hispania mwaka 1935. Jezi ya manjano ya Tour na jezi ya waridi ya Giro zilifuata rangi ya karatasi za magazeti hayo. Leo kila moja ina hatua 21, zile ambazo Wafaransa huziita étapes, na huchukua muda wa majuma matatu. Saa za hatua zote hujumlishwa, na mwenye muda mfupi kuliko wote ndiye mshindi.

2. Ugumu

Tukipima njia peke yake, naiweka Giro mbele. Mlima Mortirolo una kilomita zaidi ya 12 na mwinuko wa asilimia 10 hivi, maana yake kila mita 100 za barabara unapanda mita 10. Zoncolan, ukipandwa kutoka Ovaro, unakaribia asilimia 12. Stelvio unapita mita 2.750 juu ya bahari, na Giro hukimbiwa mwezi wa tano, wakati theluji haijaondoka huko juu. Mwaka 2013 hatua nzima ya milimani ilifutwa kwa sababu ya theluji.

Vuelta ina jina kwa kuta zake. Hatua nyingi huishia juu ya mlima, na kwenye Angliru kuna mahali panapozidi asilimia 23. Milima ya Tour, kama Alpe d'Huez wenye kona 21 na wastani wa asilimia 8, ina barabara pana na mwinuko usiobadilika sana. Ugumu wa Tour uko kwa washindani: timu huleta watu wao bora, na siku ya kupumzika ndani ya kundi ni adimu.

3. Msisimko

Hapa ndipo hesabu inapogeuka. Barabarani tambarare, anayekaa nyuma ya mwenzake anajikinga na upepo na kuokoa nguvu nyingi. Mlimani mwendo hupungua, upepo hauna kazi kubwa tena, na mwenye nguvu anawaacha wengine. Mlima mkali sana unaowekwa mwisho wa hatua huwatia wote hofu: kila mtu anatunza nguvu zake, kisha tunaona kilomita tatu tu za vita. Na akiwepo mmoja anayewazidi wote mbali, ugumu unamsaidia yeye. Mwezi wa tisa 2025, katika mbio za ubingwa wa dunia huko Kigali, jirani yetu, njia ilikuwa ya vilima visivyoisha, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Lakini Tadej Pogačar alikimbia peke yake zaidi ya kilomita 60. Ugumu ulikuwa mkubwa mno, lakini swali la nani atashinda lilikufa mapema.

Tulinganishe na Tour ya 1989. Siku ya mwisho ilikuwa kilomita 24,5 kutoka Versailles hadi Paris, bila mlima, kila mtu peke yake dhidi ya saa. Greg LeMond alikuwa nyuma ya Laurent Fignon kwa sekunde 50. Akashinda Tour kwa sekunde 8. Vuelta ya 2012 nayo haikuamuliwa na ukuta: Alberto Contador alishambulia mapema, mbali na mwisho, katika hatua ya Fuente Dé, ambako mlima wa mwisho ni mpole, akamvua Joaquim Rodríguez jezi nyekundu.

Je, mlima mgumu hauna faida? Unayo, ukiwekwa mahali pake. Colle delle Finestre una kilomita 18 hivi, na karibu 8 za juu hazina lami. Mwaka 2018 Chris Froome alishambulia hapo, zikiwa zimebaki kilomita 80, akachukua Giro. Simon Yates aliyekuwa na jezi ya waridi alipoteza dakika zaidi ya 38. Mwaka 2025, siku moja kabla ya mwisho, Isaac del Toro na Richard Carapaz walichungana kwenye mlima huohuo, na Yates, aliyekuwa wa tatu, akaondoka akawanyang'anya Giro wote wawili.

4. Hitimisho

Kwa hiyo jibu langu ni hili: kwa njia, Giro, kwa ukali wa mwinuko, Vuelta, kwa uzito wa washindani, Tour. Kwa msisimko hakuna bingwa wa kudumu. Lazima tuhukumu kila mwaka. Napendekeza kipimo kimoja kwa wanaobishana: ulizeni ni siku ya ngapi mshindi alijulikana. Mtihani unaoangusha darasa zima ni mgumu, lakini mwalimu hajajifunza mengi kutokana nao. Neno "gumu" lipime barabara, na neno "tamu" lipime shaka tuliyobaki nayo hadi mwisho.