Mtofaa Mkongwe Usikatwe Upesi

Mtu apataye shamba la nyanda za juu akakuta humo mtofaa wa Ulaya uliosongwa na magugu, mara nyingi hukimbilia shoka. Yafaa angoje. Na akwaruze ganda la tawi kwa ukucha; chini yake pakiwa kijani, mti ungali hai.

Kwanza aondoe matawi makavu, yenye ugonjwa, na yanayosuguana. Asikate zaidi ya robo ya mti kwa mwaka mmoja, kwani ukikatwa mno huchipua vijiti vingi visivyozaa. Kisha apalilie, atie samadi mbali kidogo na shina.

Mti ukizaa, aina yake hutambulikana kwa umbo, rangi na ladha ya tunda, na mwezi wa kuiva. Mbegu ya tofaa haitoi mti ulio sawa na mama yake. Aina hudumu kwa kupandikiza kijiti chake juu ya mche mwingine. Huko Southwell, Uingereza, mtofaa uliopandwa kwa mbegu mwaka 1809 uliangushwa na upepo, ukachipua tena. Vijiti vyake ndivyo asili ya mitofaa yote iitwayo Bramley. Shoka lingalitangulia, tunda hilo lisingalijulikana.