Divai Nyeupe na Umaskini wa Kusingiziwa

Kuna dhana iliyoota mizizi miongoni mwa wasomi wetu, wakiwemo hata walimu wa lugha, kwamba Kiswahili kinatosha kuzungumzia ugali na sukuma wiki, lakini kikiwekwa mbele ya chupa ya divai kutoka Ufaransa hubaki kimeduwaa. Hivi majuzi kijana mmoja jirani yangu hapa Kware, anayesomea uhudumu wa hoteli, aliniletea daftari lake. Alikuwa amefasiri maelezo ya divai nyeupe iitwayo Muscadet, akaandika kuwa ni "divai kavu".

"Daktari," aliniuliza, "kitu kiowevu kitakuwaje kikavu?"

Swali lilikuwa la haki. Waingereza husema hivyo wakimaanisha kuwa sukari ya zabibu imegeuka karibu yote kuwa kileo. Hatulazimiki kurithi kitendawili chao. Tuseme "divai isiyo tamu", basi.

Muscadet hutoka kandokando ya mji wa Nantes, pale mto Loire unapokaribia Bahari ya Atlantiki. Baridi kali ya mwaka 1709 iliiua mizabibu mingi ya huko, wakulima wakapanda kwa wingi aina iitwayo Melon de Bourgogne, ambayo huistahimili baridi. Aghalabu divai hiyo hulazwa miezi kadhaa juu ya mashapo ya hamira yake kabla ya kutiwa chupani. Ni nyepesi, ina ukali wa tunda, na wenyeji huinywa wakila chaza. Kwa nini chaza? Muulize mama yeyote anayekaanga samaki kando ya barabara zetu kwa nini huweka kipande cha ndimu juu ya mbuta. Atakwambia ndimu hukata shombo na mafuta. Mama huyo amekwisha kukufunza nusu ya somo, wala hakutumia neno hata moja la Kifaransa.

Nusu ya pili imo katika neno ukakasi. Sisi wanaisimu tumelitwaa kuelezea sauti zisizopendeza sikioni, ilhali maana yake ya awali ni ule mkwaruzo ambao ndizi mbichi huuacha ulimini. Divai nyekundu huwa nao. Ikinywewa na nyama ya kuchoma yenye mafuta, ukakasi hupoa. Ikikutana na samaki, mara nyingi huacha ladha ya chuma mdomoni. Pilipili nayo huchochewa na kileo, ndiposa chakula chenye pilipili nyingi hupatana zaidi na divai yenye utamu kidogo. (Sihimizi ulevi. Ambaye dini yake inamkataza, na mwanafunzi ambaye hajatimiza miaka 18, na waonje maneno tu.)

Istilahi tunazo tangu zamani. Mvinyo tulilipata kwa Wareno, nalo divai huhusishwa na Kifaransa, lugha ya wamisionari waliofungua kituo Bagamoyo mwaka 1868. Biblia ya mwaka 1952 ililitumia katika kisa cha arusi ya Kana, likaenea. Mtaa wetu wenyewe ulipewa jina na machimbo ya mawe, wala si yule ndege kware. Wachimbaji walilichukua neno la Kiingereza wakalifinyanga bila kungoja kamati ya istilahi.

Kinachonikera ni hasara anayoipata kijana kama huyu. Akikariri "kavu" asilolielewa, hataweza kumshauri mgeni ale nini. Atabaki kufungua vizibo tu. Naye aliyefunzwa ukali, utamu na ukakasi anaweza kuingia jikoni mwa mswahili yeyote, akaonja samaki wa kupaka, akajua kwamba tui zito lataka divai nyeupe yenye ukali wa kutosha.

Wala hahitaji kwenda Nantes kuitafuta. Huko Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, wakulima hupanda Chenin Blanc, zabibu iliyotoka katika bonde lilo hilo la Loire. Huku kwetu, Naivasha imetoa divai iitwayo Leleshwa, jina la kichaka ambalo limetoka katika Kimaasai. Wafaransa walililinda jina la Muscadet Sèvre-et-Maine kisheria tangu mwaka 1936, hivi kwamba mkulima wa kwingineko haruhusiwi kulibandika kwenye chupa zake. Mkulima wa Dodoma naye anastahili ulinzi kama huo, na lebo iliyoandikwa kwa lugha anayoisoma.