Baiskeli ya Mlimani: Utoe Shilingi Ngapi?

Nilimwambia mume wangu baiskeli ni laki mbili. Ukweli? Laki nne na nusu, tena ya mtumba, hapa hapa Moshi. Msinicheke, najua wengi wenu mna risiti mlizoficha kwenye pochi.

Kilichoniumbua si risiti, ni breki. Lango la Marangu liko karibu mita 1,000 juu ya mji wa Moshi, na barabara ya kushuka kwenda Himo ni mteremko na kona. Kona ya tatu nikabana breki, zikalia, baiskeli ikaendelea na safari zake. Nikaishia kwenye migomba, goti limechanika. Fundi akaitazama, akasema: "Dada, raba za breki ziliisha siku nyingi. Hapa umenunua rangi."

Kweli, nilipenda rangi! Na zile springi za mbele, ambazo kwenye baiskeli ya bei poa huongeza uzito tu.

Kwa hiyo, kama safari yako ni Shanty Town hadi ofisini, laki mbili na fundi mzuri zinatosha. Kama unapanda Machame au Kilema kila Jumamosi, jibane ufike laki sita, saba, ila hela iende kwenye breki za diski, tairi zenye meno na helmeti. Ya milioni mbili waachie wanaoshindana.

Mume wangu alinifunga bandeji kimya. Kisha akauliza: "Ilikuwa shilingi ngapi hasa?"

Nikamtajia bei yote.