Picha Inapokwamakwama: Itafutie Sababu Kabla ya Kununua Mashine Mpya

Mwenye daftari na alifungue, na asiye na kalamu aazime kwa jirani yake, maana leo tutasikiliza na kuandika pia.

Somo hili limetokana na barua. Darasa moja la watu wazima huko Ipililo, mkoani Simiyu, lina kompyuta moja, iliyonunuliwa kwa michango ya wanakikundi baada ya mauzo ya pamba. Jioni hukusanyika kutazama video za masomo: kupanda pamba kwa mistari, kutunza ng'ombe, kumlisha mtoto mchanga. Lakini picha ilianza kukwamakwama. Fundi mmoja aliitazama kwa dakika chache, akasema kompyuta imezeeka, inunuliwe nyingine. Kikundi kikaitisha mkutano wa kuchanga upya. Mama aliyeandika barua ile aliuliza hivi: "Mwalimu, kabla hatujauza mbuzi, tujue kwanza. Ugonjwa ni wa mashine, au ni wa kitu kingine?"

Hilo ni swali la mtu mwenye busara. Juzi nilifunga safari nikaenda kuiona kompyuta hiyo. Nitawaeleza tulivyoipima, ili nawe uweze kuipima ya kwenu.

PICHA INAYOTEMBEA NI NINI?

Picha ya video haitembei. Naam, umesikia vyema, haitembei hata kidogo. Kioo kinatuonyesha picha nyingi tulivu, moja baada ya nyingine, upesi sana, na akili yetu huziunga zikawa mwendo mmoja. Kila picha moja huitwa fremu.

Ukitaka kuhakikisha, chukua daftari kuukuu. Pembeni mwa ukurasa wa mwisho chora mtu amesimama. Katika ukurasa unaoutangulia, mahali palepale, mchore tena ameinua mkono kidogo. Endelea hivyo kurasa kumi na mbili. Kisha zishike kurasa kwa kidole gumba, uziachie moja moja kwa haraka kutoka nyuma. Mtu wako atainua mkono.

Elimu hii si ya jana. Tarehe 28 Desemba 1895, mjini Paris, ndugu wawili wa ukoo wa Lumière walionyesha sinema mbele ya watu waliolipa kiingilio. Hapa kwetu, kati ya mwaka 1935 na 1937, lilifanyika jaribio la kutengeneza sinema za mafunzo, na makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara. Filamu zenyewe zilikuwa bubu, na maneno yalitiwa kwenye sahani za santuri. Hivyo mwonyeshaji alikuwa na kazi mbili: picha iende, na sahani iende pamoja nayo. Sahani ikitangulia, sauti husikika kabla mdomo haujafunguka. Leo kompyuta hufanya kazi zote mbili peke yake, lakini ugonjwa ule wa zamani ungalipo.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Sinema huonyeshwa kwa fremu 24 kila sekunde. Televisheni zetu hutumia 25. Simu nyingi hupiga video kwa fremu 30. Tuchukue 25. Sekunde moja ina milisekunde 1,000. Gawa kwa 25, unapata 40. Maana yake, kompyuta imepewa milisekunde 40 tu kuandaa kila fremu. Ikichelewa, fremu hiyo huachwa, nawe unaona mshtuko.

Na fremu yenyewe si ndogo. Video nyingi za siku hizi zina vitone 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo. Zidisha: ni vitone 2,073,600 katika fremu moja!

Mzigo huo ungekuwa mzito mno, basi video hufungwa kwa ujanja. Mfikirie karani wa ghala la pamba. Asubuhi huhesabu marobota yote. Baadaye haandiki upya ghala zima, bali yaliyobadilika tu: yameingia matano, yametoka mawili. Video nayo huweka fremu moja nzima, kisha huandika mabadiliko tu, mpaka ifike fremu nyingine nzima. Mtindo mmoja wa kufunga video huitwa H.264, nao ulitolewa mwaka 2003. Mwingine ni H.265, wa mwaka 2013. Huu wa pili hufanya faili kuwa dogo zaidi, lakini kuufungua ni kazi kubwa zaidi. Kompyuta ya zamani isiyo na sehemu maalumu ya kuufungua huutupia mzigo wote prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa mashine.

DALILI NNE

Dalili ya mvua ni mawingu. Magonjwa ya video nayo yana dalili zake, tena hazifanani. Andika hizi nne.

Dalili ya kwanza: picha inakwama ovyo, mara inaganda, mara inakimbia. Hapo kompyuta imezidiwa, au faili halisomwi kwa upesi unaotakiwa.

Dalili ya pili: picha inavunjika vipande vya mraba, kisha inajirekebisha ghafla. Hapo mara nyingi faili limeharibika. Ni kama daftari la karani lililong'olewa ukurasa: hesabu huwa mbovu mpaka siku atakapohesabu ghala zima tena.

Dalili ya tatu: picha inashtuka kidogo kidogo, kwa mpigo ule ule, hasa kamera inapogeuka taratibu. Hapo kompyuta haikuchoka. Ni kioo na video ambavyo havipatani. Vioo vingi hupiga picha upya mara 60 kwa sekunde. Video ya fremu 30 hukaa humo vizuri, maana kila fremu huonyeshwa mara mbili. Lakini 60 ukigawa kwa 25 unapata 2 na sehemu. Basi fremu nyingine huonyeshwa mara mbili, nyingine mara tatu, na jicho huona mwendo wa mtu anayechechemea.

Dalili ya nne: sauti na midomo haviendi pamoja. Huo ndio ugonjwa wa sahani za santuri.

PICHA ZA KUBUNI

Ipo njia moja inayosifiwa sana ya kulainisha mwendo. Programu fulani huchukua fremu mbili zinazofuatana, ikabuni fremu nyingine ya kati, ikaichomeka hapo. Fremu 25 huwa 50, na mwendo huonekana laini kama maji.

Jambo hili tulieleze kwa ng'ombe. Mwanafunzi wa kwanza amechora ng'ombe akiwa karibu na mnazi. Wa pili amemchora ng'ombe yule yule akiwa kisimani. Sasa namwambia wa tatu: "Wewe hukuwapo, lakini chora alipokuwa katikati ya safari." Atapima umbali, atamweka ng'ombe katikati, na huenda akapatia. Lakini je, kama katikati ulikuwapo mbuyu, na ng'ombe alipita nyuma yake? Mwanafunzi huyu atakisia. Ndiyo sababu, programu hii ikiwa kazini, mara nyingine unaona ukungu kando ya mkono unaokwenda kwa kasi, au miguu ya ng'ombe inayeyuka.

Basi kumbuka mambo mawili. La kwanza: kubuni fremu ni kazi nzito, nzito kuliko kufungua video yenyewe. Mashine dhaifu ikitwishwa kazi hiyo itakwama zaidi. La pili: fremu ya kubuni haina habari mpya. Pale Ipililo mzee mmoja aliniuliza kama programu hii ingeweza kuonyesha vizuri mkono wa aliyeng'oa kigingi cha mpaka wa shamba, katika video iliyopigwa kwa simu. Nilimjibu: la, mzee wangu. Kamera isipoona, kompyuta haiwezi kuona kwa niaba yake. Fremu ya kubuni ni makisio, na makisio hayasimami kuwa shahidi. Video ya ushahidi itunzwe kama ilivyopigwa, bila kuongezwa kitu.

UTARATIBU WA KUTAFUTA SABABU

Kanuni kubwa ni moja: badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha andika ulichokiona. Ukibadilisha mambo matano pamoja na picha ikapona, hutajua dawa ilikuwa ipi. Gawa ukurasa sehemu tatu: tarehe, nilichobadilisha, nilichokiona. Tumia video ile ile, dakika ile ile.

1. Cheza video nyingine. Hiyo ikienda sawasawa, tatizo ni la faili lile la kwanza.

2. Kama video iko kwenye flashi, inakili kwanza ndani ya kompyuta, ndipo uicheze. Flashi nyingine husomwa polepole.

3. Chomeka kompyuta kwenye umeme. Inapotumia betri, nyingi hujipunguza nguvu ili kubana matumizi.

4. Pima joto kwa kiganja. Kompyuta ikipata moto mwingi hupunguza mwendo ili isiungue. Iweke mezani, si juu ya blanketi wala mto. Kusafisha, izime kwanza, chomoa waya, kisha ondoa vumbi kwenye matundu ya feni kwa brashi laini iliyo kavu. Usitumie maji.

5. Funga programu nyingine zote. Katika kompyuta zinazotumia Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Utaona orodha ya kazi na asilimia ya nguvu inayotumika. Prosesa ikikaa karibu na 100, imezidiwa.

6. Zima programu ya kubuni fremu, kama ipo.

7. Jaribu programu nyingine ya kuchezea video. VLC hutolewa bure. Ilianzia kwa wanafunzi wa chuo kimoja nchini Ufaransa mwaka 1996. Ukiwa ndani yake bonyeza Ctrl na I, ufungue ukurasa wa takwimu. Upo mstari unaohesabu fremu zilizopotea. Hesabu hiyo ikipanda daima, mashine inachelewa.

8. Kama dalili ni ile ya kuchechemea, fungua mipangilio ya kioo, na kwa video ya fremu 25 chagua 50 badala ya 60, ikiwa kioo chako kinakubali.

9. Kama ni sauti tu inayotangulia au kuchelewa, katika VLC bonyeza herufi J au K. Moja huiharakisha sauti, nyingine huichelewesha, kidogo kidogo. Jaribu mpaka midomo ilingane na maneno.

TULICHOKIONA IPILILO

Tulianza hatua ya kwanza jioni, yule mama akiandika. Video nyingine ilikwama vilevile, basi faili halikuwa na kosa. Flashi haikuwa na kosa. Umeme ulikuwa umechomekwa. Hatua ya nne, matundu ya feni yalikuwa yamezibwa na vumbi na nyuzi za pamba. Tukasafisha, tukangoja ipoe, tukacheza dakika ile ile: kukwama kulipungua, lakini hakukwisha. Hatua ya tano, prosesa ilisimama 97. Hatua ya sita, tukagundua kuwa kuna mtu aliwahi kuweka programu ya kubuni fremu, ikawa inawaka yenyewe kila video inapochezwa. Tukaizima. Prosesa ikashuka hadi 40, na picha ikaenda bila kukwama. Kompyuta ile haikuwa imezeeka. Ilikuwa inabeba mizigo miwili huku imezibwa pumzi.

Sisemi kwamba kila kompyuta itapona. Zipo zilizo dhaifu kweli. Hata hizo, jaribu kwanza kuomba video ile ile katika mtindo wa H.264, au yenye vitone 1,280 kwa 720. Hiyo ina vitone 921,600 katika fremu, yaani pungufu ya nusu ya mzigo. Hilo nalo likishindikana, hapo ndipo mwitishe mchango, na ukurasa wenu wa daftari mkononi.

Mkutano wa Ipililo ulifanyika kama ulivyopangwa. Mama yule alisimama akasoma ukurasa wake, mstari kwa mstari, mbele ya wote. Yeye alianza kujifunza kuandika mwaka jana tu. Hakuna aliyeuza mbuzi.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Video ina fremu 30 kwa sekunde. Kompyuta ina milisekunde ngapi kuandaa kila fremu?

2. Picha inavunjika vipande vya mraba. Utaanza na hatua ipi, na kwa nini?

3. Kwa nini fremu ya kubuni haiwezi kuwa ushahidi?

4. Taja kitu kingine nyumbani, kama baiskeli au redio, ambacho kinaweza kutafutiwa ugonjwa kwa kubadilisha jambo moja moja.

Andikeni majibu yenu. Kwaherini mpaka somo lijalo.